Madai Saba Kuhusu Kodi na Sheria za Biashara za India

Mwaka 2025 India ilipitisha sheria mpya ya kodi ya mapato na kupunguza kodi ya bidhaa na huduma, ile wanayoiita GST. Habari zake zimetufikia zikiwa zimetiwa chumvi. Muagizaji wa pikipiki anaambiwa bei itashuka. Mgonjwa anayejiandaa kwenda Chennai anaambiwa bili ya hospitali itapungua. Wengine wanahimiza tuige India, eti huko mtu wa kawaida kafutiwa kodi.

Mambo haya yanatuhusu. Bodaboda zetu nyingi zimetengenezwa India, dawa tunazomeza vilevile, na hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilitokana na ile ya India ya 1872. Ndiyo maana nimeyachukua madai saba ninayoyasikia mara kwa mara, niyajibu moja baada ya jingine. India imefanya mengi ya kupongezwa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunasoma kichwa cha habari na kukiruka kifungu, na katika kodi kifungu ndicho kinachomlipisha mtu.

Dai la kwanza: Sheria mpya ya kodi ya mapato imepunguza kodi

Haijapunguza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2025 ilisainiwa na Rais tarehe 21 Agosti 2025, na tarehe yake ya kuanza kutumika ni 1 Aprili 2026. Inachukua nafasi ya sheria ya 1961. Vifungu vimeshuka kutoka 819 hadi 536, na maneno kutoka zaidi ya laki tano hadi kama laki mbili na nusu. Viwango vya kodi havikuguswa. Nafuu inayoshangiliwa ilitokana na bajeti ya 1 Februari 2025, na ingekuwepo hata kama sheria ya zamani ingeachwa ilivyo.

Kilichorahisishwa ni usomaji. Kwa zaidi ya miaka 60 mlipakodi wa India alikuwa na miaka miwili kwa pato moja. Fedha alizopata kati ya Aprili 2024 na Machi 2025 zilihesabiwa kuwa za "mwaka uliotangulia" wa 2024-25, lakini kodi yake ikakadiriwa katika "mwaka wa ukadiriaji" wa 2025-26. Ukikosea mwaka kwenye fomu ya malipo, fedha zako zinaingia kwenye hesabu isiyo yake, na kuzihamisha ni kazi nyingine. Sheria mpya inautaja "mwaka wa kodi" mmoja, basi.

Wapo pia wanaodai kinyume chake, kwamba kilichobadilika ni lugha peke yake. Nao hawajasoma. Kifungu cha 247 kinawaruhusu maafisa wanaofanya upekuzi kuingia katika barua pepe, akaunti za mitandao ya kijamii na hifadhi za mtandaoni za anayepekuliwa, hata ikibidi kuvunja nywila. Serikali inajitetea kuwa uwezo huo ulikuwepo tangu zamani. Lililo wazi ni kwamba sasa umeandikwa bila kificho. Tena muswada wa kwanza, ule wa Februari 2025, ulikuwa na kipengele cha kumnyima marejesho ya kodi mtu aliyechelewa kuwasilisha ritani. Kamati teule iliyoongozwa na Baijayant Panda ilitoa mapendekezo 285, serikali ikauondoa muswada huo na kuleta mwingine tarehe 11 Agosti, na kipengele hicho hakikurudi. Wabunge wangeamini kwamba kinachobadilika ni lugha tu, kingepita.

Dai la pili: Anayepata chini ya rupia laki 12 kwa mwaka hana habari na kodi

Tupige hesabu. Katika utaratibu mpya, laki 4 za kwanza hazitozwi kitu. Laki 4 zinazofuata zinatozwa asilimia 5, yaani rupia 20,000. Laki 4 za mwisho zinatozwa asilimia 10, yaani rupia 40,000. Jumla ni rupia 60,000. Hapo sheria inaleta punguzo la hadi rupia 60,000, na deni linabaki sifuri. Mwajiriwa anaondolewa kwanza rupia 75,000 kwenye mshahara unaotozwa kodi, kwa hiyo yeye anafika laki 12 na 75,000 bila kulipa. Aliyezidisha kidogo naye hakutupwa: mwenye pato la laki 12 na 10,000 angedaiwa rupia 61,500 kwa hesabu ya kawaida, lakini sheria inambana kwenye zile 10,000 alizozidisha.

Maana yake ni kwamba kodi inakadiriwa kwanza, ndipo inasamehewa. Tofauti hiyo si ya maneno. Mwenye pato linalozidi laki 4 bado anatakiwa kuwasilisha ritani hata kama mwisho wake ni sifuri. Punguzo haliifuti kodi ya faida ya mauzo ya hisa, ambayo ina viwango vyake. Aliyechagua kubaki katika utaratibu wa zamani, wenye misamaha ya bima na mikopo ya nyumba, halipati punguzo hilo la laki 12.

Na kuna jambo linalowagusa majirani zetu wenye asili ya India. Punguzo hili ni la mkazi wa India. Mtu anayeishi Dar es Salaam au Mombasa na kupokea pango la nyumba ya urithi kule Jamnagar si mkazi. Akibakiwa na pato la laki 8 linalotozwa kodi, rupia 20,000 zake zinamsubiri, pamoja na tozo ya asilimia 4 juu yake. Aliyeambiwa na shemeji yake kuwa "kodi imefutwa" asije akashangaa barua ikija.

Dai la tatu: GST sasa ina viwango viwili tu

GST ilipoanza tarehe 1 Julai 2017 ilikuwa na ngazi kuu nne: asilimia 5, 12, 18 na 28. Tarehe 3 Septemba 2025 Baraza la GST liliamua kuziondoa 12 na 28, na kuanzia 22 Septemba bidhaa nyingi zikahamia 5 au 18. Sabuni za kuogea, shampuu na dawa ya meno zilitoka 18 zikaja 5. Saruji, televisheni kubwa, viyoyozi na magari madogo yalitoka 28 yakaja 18. Bima binafsi za maisha na afya zikasamehewa kabisa. Hiyo ni hatua kubwa, na serikali yenyewe ilikadiria kupoteza mapato ya rupia bilioni 480 hivi.

Lakini hesabu ya viwango viwili haitimii. Ipo asilimia 40 kwa vinywaji vya soda, magari ya kifahari na pikipiki zinazozidi cc 350. Ipo asilimia 3 ya dhahabu. Almasi ghafi ina robo ya asilimia. Vipo vyakula vya asilimia sifuri. Halafu petroli, dizeli, mafuta ghafi, gesi asilia, mafuta ya ndege na pombe ya kunywa vyote viko nje ya GST.

Sababu ya hayo ya mwisho ni siasa za mapato. Katika Baraza, serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo yana theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Pombe na mafuta ni ghala la majimbo, na hakuna waziri kiongozi anayetaka kukabidhi funguo za ghala lake.

Kupunguza ngazi hakumalizi ubishi wa bidhaa ipi ikae wapi. Desemba 2024, katika kikao cha Jaisalmer, Baraza hilohilo lilifafanua kodi ya bisi: zenye chumvi na viungo zisizofungashwa, asilimia 5, zilezile zikifungashwa na kuwekewa lebo, asilimia 12, zikipakwa sukari ya karameli, asilimia 18. India nzima ilicheka. Na maadamu kuna 5 na kuna 18, mawakili wa kodi hawatakosa kazi.

Dai la nne: Kodi imeshuka India, basi bei ya pikipiki na dawa itashuka Kariakoo

Hili ndilo dai linalonikera zaidi, kwa sababu watu wanapangia mitaji yao juu yake.

Bidhaa inayouzwa nje ya India inatozwa GST kwa kiwango cha sifuri. Kiwanda kinachosafirisha kina njia mbili: kisafirishe bila kutoza kodi na kurejeshewa kodi kilizolipa kwenye malighafi, au kilipe kodi ya usafirishaji kisha kirudishiwe. Kwa njia yoyote, kodi ya India haimo kwenye ankara inayomfikia mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi.

Chukua pikipiki, kwa mfano wa hesabu tu, inayotoka kiwandani Pune kwa rupia 80,000. Kabla ya 22 Septemba 2025, mnunuzi wa India aliongezewa asilimia 28 na kulipa rupia 102,400. Sasa anaongezewa 18 na kulipa 94,400. Amepata nafuu ya rupia 8,000. Muagizaji wetu alikuwa analipa 80,000 na bado analipa 80,000. Labda kiwanda kitapumua kidogo kwa kuwa fedha zinazosubiri kurejeshwa zimepungua, lakini hiyo ni nafuu ya kiwanda. Kinachopandisha na kushusha bei ya Kariakoo ni dola, nauli ya meli, ushuru wa forodha, na kodi yetu wenyewe ya ongezeko la thamani: asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Dawa ni vivyo hivyo. Dawa nyingi zilitoka asilimia 12 zikaja 5, na 33 za kuokoa maisha zikawa sifuri. Hiyo ni furaha ya mgonjwa anayenunua India.

Dai la tano: Bili ya mgonjwa anayekwenda India itapungua kwa asilimia hizo hizo

Huduma za matibabu zilisamehewa GST tangu 2017. Kodi ambayo haikuwepo haiwezi kupunguzwa. Mgonjwa aliyelazwa hatozwi GST kwenye ada ya daktari wala upasuaji, na dawa anazopewa wodini huhesabiwa kuwa sehemu ya matibabu yaliyosamehewa. Kinachotozwa ni chumba: tangu 18 Julai 2022 chumba cha zaidi ya rupia 5,000 kwa siku, kisicho cha wagonjwa mahututi, kinalipiwa asilimia 5.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaioni. Msamaha na kiwango cha sifuri si kitu kimoja. Msafirishaji wa pikipiki anarejeshewa kodi ya malighafi yake. Hospitali iliyosamehewa hairejeshewi kodi iliyolipa kununua dawa na mashine, kwa hiyo kodi hiyo inajificha ndani ya bei ya huduma. Kodi ya dawa ikishuka kutoka 12 hadi 5, gharama ya hospitali inashuka kweli. Kama itamshushia mgonjwa au itaongeza faida yake ni uamuzi wa hospitali, na sheria haiilazimishi.

Nafuu ya uhakika ipo dirishani mwa famasi. Mgonjwa anayeruhusiwa na kununua dawa za miezi mitatu za kurudi nazo nyumbani, zenye thamani ya rupia 10,000 kabla ya kodi, zamani alilipa 11,200. Sasa analipa 10,500. Aandae bajeti yake kwa hesabu hiyo.

Dai la sita: India imeanza kutoza kodi malipo ya simu

Dai hili lilizaliwa Karnataka, Julai 2025. Idara ya kodi ya jimbo ilichukua takwimu za UPI, mfumo wa malipo ya simu wa India, ikatuma notisi kwa maelfu ya wafanyabiashara wadogo: waoka mikate, wauza chai, wauza mboga. Muuza mboga mmoja alitakiwa kulipa rupia laki 29. Katika mitaa ya Bengaluru, mji unaojigamba kwa teknolojia, vibanda vilibandua misimbo ya kulipia na kuandika kwa mkono kwamba UPI haikubaliki, taslimu tu.

Malipo yenyewe hayakutozwa kodi. Tangu Januari 2020 hata ada ya mfanyabiashara kupokea malipo ya UPI imewekwa sifuri. Kilichotokea ni kwamba simu ilionyesha mauzo. Muuza bidhaa anayevuka mauzo ya rupia milioni 4 kwa mwaka anatakiwa kujisajili GST. Kwa huduma kikomo ni milioni 2. Wajibu huo ulikuwepo hata kwa aliyeuza kwa noti.

Ila idara nayo ilikosea njia. Mtu anayeuza bidhaa zilizosamehewa peke yake, kama mboga mbichi au maziwa, halazimiki kujisajili hata akiuza mamilioni. Jumla ya fedha zilizoingia kwenye simu haionyeshi kama ni nyanya au ni keki, wala kama ni mauzo au ni mkopo uliorudishwa na ndugu. Tarehe 23 Julai Waziri Kiongozi Siddaramaiah alikutana na wafanyabiashara na kutangaza kuwa wauza bidhaa zilizosamehewa hawatadaiwa, na wengine wataachiwa malimbikizo iwapo watajisajili.

Muuza duka wa kwetu mwenye lipa namba au till asome kisa hiki mara mbili. Mamlaka yoyote ya kodi inaweza kuomba takwimu kama hizo. Atakayeokoka ni mwenye daftari linaloonyesha ni kipi kilikuwa mauzo na kipi hakikuwa.

Dai la saba: Mwekezaji India hajui kesho yake, maana kodi inarudi nyuma na kesi haziishi

Nusu ya dai hili imepitwa na wakati. Mwaka 2007 Vodafone ilinunua biashara ya simu ya Hutchison iliyoko India kwa kununua hisa za kampuni ya visiwa vya Cayman. India ilidai kodi. Januari 2012 Mahakama ya Juu iliipa Vodafone ushindi. Bunge likabadili sheria mwaka huohuo na kuirudisha nyuma hadi miaka ya 1960. Mwaka 2020 wasuluhishi wa kimataifa waliamua dhidi ya India katika shauri la Vodafone na la Cairn, kampuni ya nishati iliyodaiwa kodi kama hiyo, na Agosti 2021 serikali ikafuta madai yote ya mauzo yaliyofanyika kabla ya 28 Mei 2012. Mwaka 2022 Cairn ilirejeshewa karibu rupia bilioni 79.

Kilichofutwa ni kurudi nyuma. Kodi yenyewe ipo. Anayeuza leo kampuni ya ng'ambo ambayo mali zake ziko India bado anaingia mkononi mwa sheria. Uganda inalijua suala hili: Bharti Airtel ya India iliponunua biashara za Zain za Afrika mwaka 2010, mamlaka ya mapato ya Uganda ilimdai muuzaji kodi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ina mamlaka ya kumdai.

Nusu ya pili ya dai, ile ya kesi, ina ukweli mchungu. Sheria ya Ufilisi ya 2016, baada ya marekebisho ya 2019, inataka shauri la kampuni iliyoshindwa madeni liishe ndani ya siku 330. Novemba mwaka huohuo, katika shauri la Essar Steel, Mahakama ya Juu iliondoa neno lililofanya kikomo hicho kuwa cha lazima. Tazama kampuni ya chuma ya Bhushan Power. Shauri lilipokelewa Julai 2017. Mpango wa JSW Steel kuinunua ulipitishwa na baraza la mashauri ya kampuni Septemba 2019, na JSW ikawalipa wadai zaidi ya rupia bilioni 190 mwaka 2021. Tarehe 2 Mei 2025, miaka minne baada ya fedha kulipwa na viwanda kuendeshwa, Mahakama ya Juu iliutupa mpango na kuamuru kampuni ifilisiwe. Tarehe 31 Julai mahakama hiyohiyo ilifuta hukumu yake. Tarehe 26 Septemba ikaukubali mpango wa JSW. Siku 330 zikawa miaka minane.

Kwa hiyo mwekezaji anayeiogopa India kwa sababu ya Vodafone anaogopa jambo lililokwisha rekebishwa. Akiuliza kesi yake itaisha lini, hapo ana haki ya kukuna kichwa.

Hukumu

India imefupisha sheria ya kodi ya mapato, imepunguza ngazi za GST, na imeacha kudai kodi ya jana. Hayo ni mafanikio. Hayajaifanya kodi ya India kuwa ndogo kwa kila mtu, hayajashusha bei katika maduka yetu, wala hayajaharakisha mahakama.

Anayesimama kutuambia tuige India atutajie kifungu gani, kinamhusu nani, na kinaanza lini. Muagizaji asiagize kontena kwa kutegemea nafuu ambayo haimo kwenye ankara yake. Mgonjwa aombe makadirio ya hospitali kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Na mwandishi wa habari aliyetangaza kuwa India "imefuta kodi" airudie habari yake na kuisahihisha.